Sakafu Aliyoichagua Mama Mkwe

Aliyegundua kwamba sakafu yetu imeharibika ni mama mkwe wangu, na aligundua kwa mgongo. Asubuhi moja mwanzoni mwa Oktoba aliamka, akakaa kitako, akapapasa pale alipokuwa amelala, kisha akaniita kutoka jikoni kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Alisema ubavu wake wa kulia umelala Julai na wa kushoto umelala Januari. Niliweka kiganja. Kweli, nusu ya chumba ilikuwa na vuguvugu na nusu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kando ya ukuta kapeti la plastiki lilikuwa limevimba maji.

Mume wangu, Sang-gil, alimwita Fundi Ma. Huyu amejenga nusu ya nyumba za kijiji chetu cha Solgol, huku milimani Korea, na nusu iliyobaki amezikarabati. Aliingia, akapiga magoti, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole sehemu tano sita huku ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Akasema mabomba ya maji ya moto yaliyozikwa ndani yameoza, na sakafu yote lazima ivunjwe. Atatandika foamu mpya, azungushe mabomba mapya ya plastiki, na juu yake amwage tabaka jipya la kuyafunika. Mpaka hapo sote watatu tulikuwa tunaitikia kwa kichwa. Ndipo akauliza swali lililotuvuruga nyumba nzima: tabaka hilo tunalitaka la nini?

Sisi tunalala sakafuni, tunakula sakafuni, wageni tunawapokea sakafuni, na kuanzia Novemba hadi Machi hakuna joto lingine ndani ya nyumba ila hilo linalotoka chini. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jibu, na kila mmoja alilitoa kabla mwenzake hajamaliza lake.

Sang-gil alitaka jasi ya kumwagwa. Ameendesha basi la kwenda mjini Wonju miaka thelathini na moja bila kubishana na abiria hata mmoja, lakini tangu astaafu simu yake imemfanya profesa. Usiku na mchana anatazama video za watu wanaomwaga sakafu. Alitueleza kwamba jasi inatiririka kama uji, inajisawazisha yenyewe, inalikumbatia bomba pande zote bila kuacha hewa, na kwa kuwa tabaka lake ni jembamba, ukiwasha moto unausikia miguuni kabla hujamaliza kuvua koti.

Mimi nilitaka saruji na mchanga, basi. Kila mwaka natia chumvi kabichi mia mbili kwa ajili ya kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, na maji yanafika mpaka chini ya kabati. Jasi na maji haviivi chungu kimoja. Fundi Ma mwenyewe alikiri kwamba jasi ikilowa inakuwa kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

Mama mkwe wangu, Bibi Maeng, ana miaka themanini na tisa na hakutaka kusikia la jasi wala la saruji. Alitaka udongo wa manjano. Alizaliwa juu ya sakafu ya mawe na udongo, moto ukipita chini kutoka jikoni, na alishikilia kwamba damu ya mtu haizunguki sawasawa pasipo udongo. Mdogo wake alihamia kwenye ghorofa lenye saruji mjini, akafa. Sang-gil alimkumbusha kwamba marehemu alikuwa na miaka themanini na sita na aligongwa na pikipiki. Mama alisema angekuwa na damu inayozunguka angeruka pembeni.

Fundi Ma ni mtu wa maneno machache. Alisema kuvunja ataanza kesho, kwa sababu kuvunja hakuhitaji mkutano. Lakini mashine ya kusukumia mchanganyiko inapita bondeni kwetu Alhamisi ya wiki ijayo, mara moja tu kabla ya baridi. Anataka jibu Jumatatu. Tusipokuwa na jibu tutalala juu ya foamu mpaka Machi.

Basi sakafu ikavunjwa na sisi tukahamia ghala la pilipili, watu watatu na mkeka mmoja wa umeme. Pilipili zilikuwa ndiyo kwanza zimekauka. Tulipiga chafya kwa zamu, na kati ya chafya na chafya tuliendelea kubishana. Ijumaa, wakati wa chakula cha jioni, Sang-gil aliweka chini vijiti vyake na kusema watu wa sayansi hawabishani, wanapima. Kijijini petu zipo sakafu za kila aina. Kesho tutazipitia zote na Mama atalala juu ya kila moja saa nzima.

Niliuliza kwa nini Mama. Alisema Mama ndiye chombo pekee cha nyumba hii kilichogundua bomba lililooza. Mama alifurahi kuitwa chombo, sijui kwa nini. Akaniambia nimtolee ile sweta yake ya zambarau ya harusini.

Tulianzia ukumbi wa wazee, ambao sakafu yake ni ya saruji. Sang-gil alibeba kile kipimajoto cha kumlengea mtu kwenye paji la uso, kilichobaki kutoka kazini kwake, na daftari jipya. Mimi nilibeba mto. Pale ukumbini wazee walikuwa wanacheza karata. Ile kona yenye joto zaidi alikuwa ameikalia Mzee Cheon, ambaye ameikalia tangu ukumbi ulipofunguliwa na hakuwa tayari kuhama kwa ajili ya sayansi. Mama alilala karibu na mlango. Kila aliyeingia alimruka, na kila aliyemruka alimwamkia, naye ilimbidi kuitikia. Baada ya robo saa aliinuka akasema sakafu hii haina kosa lakini watu wake wana miguu mirefu. Sang-gil aliandika kwenye daftari kwamba kipimo hakikubaliki.

Kutoka hapo tulikwenda kwa Mwalimu Bang, aliyestaafu akajenga nyumba ya udongo mtupu na kuiacha sakafu bila kapeti, ipumue. Mama aliingia akavuta pumzi kwa nguvu na macho yakamlegea. Harufu ilikuwa ya nyumbani kwao. Alilala, akafumba macho, na nikaona nimeshindwa. Nikaanza kujiuliza nitatia wapi chumvi kabichi zangu. Lakini Mwalimu Bang alifundisha sekondari miaka arobaini na bado ana hamu ya darasa. Alikaa karibu na kichwa cha Mama na kuanza kueleza chembechembe za udongo, kisha miale isiyoonekana inayotoka kwenye chembechembe hizo, kisha historia ya udongo kwa kufuata wafalme. Alipofika mfalme wa nne Mama aliinuka na kusema ahsante sana Mwalimu, nimepona. Tulipotoka nje niliona mgongo wa sweta ya zambarau umekuwa wa manjano kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nilimkung'uta njia nzima. Hakusema neno kuhusu udongo, na mimi, kwa heshima, sikumuuliza.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya wale mume na mke waliohamia kutoka Seoul kulima matunda ya msituni. Wao sakafu yao ni ya jasi, na Sang-gil alikuwa ameshika daftari kama mtu anayesubiri kukabidhiwa kombe. Vijana wale ni wapole kweli. Waliwasha moto kwa kubonyeza simu, na baada ya dakika ishirini Sang-gil alikuwa anatuonyesha namba kwenye kipimajoto chake, zinapanda. Mama alikubali kwamba ni moto wa haraka. Kilichomshinda kuelewa ni kwamba wenyewe walikuwa wamekaa kwenye sofa. Alinivuta nimwinamie, akaniuliza kwa sauti ambayo sofa nzima iliisikia: "Hawa watoto wanalipa kupasha moto sakafu halafu wanaikimbia juu ya kiti. Wana ugonjwa?"

Vijana wakacheka, wakashuka, wakakaa chini naye. Mambo yangekwenda vizuri kama si ile mashine yao ya kufagia inayotembea yenyewe. Saa yake ilifika, ikatoka chini ya kabati, ikanguruma mpaka kwenye kisogo cha Mama, ikakigonga, ikarudi nyuma, ikakigonga tena. Mama hakuwahi kuona kitu kama kile. Alimpokonya Sang-gil kipimajoto akaipiga nacho. Mashine haikuumia, kipimajoto ndicho kilichovunjika, na kwa hiyo hatukuweza kujua jasi ile ilipoa kwa kasi gani baada ya moto kuzimwa. Mama alisema yeye amejua. Ilipoa haraka kama ilivyopata moto.

Tulitoka pale saa tisa alasiri hatuna jibu, na Sang-gil amenuna. Tulipofika kwenye mteremko mvua ya barafu ikaanza, ile inayoingia kwenye kola. Magoti ya Mama yalikataa. Alishika nguzo ya umeme akasema hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, tumwache hapo hapo. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu, nayo ndiyo nyumba pekee ambayo haikuwemo kwenye daftari la mume wangu.

Ilikuwa ya Bibi Ok. Yeye na mama mkwe wangu hawajasemezana kwa miaka thelathini na minane. Katika mwaka wa ile gharika kubwa, wanawake wa kijiji wakipika pamoja kwa ajili ya wafanyakazi wa daraja, Bibi Ok alisema mbele ya watu kwamba kimchi ya nyumba ya Pyo, yaani ya kwetu, inatiwa chumvi nyingi kwa makusudi, ili wageni wasile sana. Mama hakumjibu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Wamekaa kanisani viti vya mbali, wamezika waume zao kwenye kilima kimoja, wamebeba wajukuu mgongoni kwenye sherehe ile ile ya shule, na hawajaambiana hata "umeshindaje". Mimi nilipoolewa, kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla ya mahali pa kuwekea vijiko, ni kutopita mbele ya lango lile nikitabasamu.

Lango lilifunguka. Bibi Ok alisimama barazani na aproni yake, akamtazama Mama aliyekumbatia nguzo, akanitazama mimi. Kisha akaingia ndani na kuuacha mlango wazi.

Sang-gil alinong'ona kwamba labda amesahau kuufunga. Nilimwambia mtu hasahau mlango kwenye mvua ya barafu. Tukamshika Mama huku na huku, tukamwingiza. Nilitarajia akatae. Hakukataa. Alivua viatu, akavuka kizingiti, na nyayo zake zilipogusa sakafu ile nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akapiga hatua mbili tatu. Akaketi. Akaweka viganja chini, kimoja huku na kimoja kule. Kisha akajilaza ubavu pole pole, na sweta yake yenye udongo, bila mto.

Bibi Ok alikuwa jikoni anatuangalia kupitia pazia la shanga. Aliita: "Mama Dong-uk, muulize huyo mgeni kama anakunywa chai ya shayiri."

Dong-uk ni mwanangu. Niligeuka. Mama alikuwa amefumba macho. "Mwambie mwenye nyumba nakunywa," alisema. "Ila asichemshe kama anataka kuninyonyoa manyoya."

"Mwambie mimi chai nachemsha hivi hivi tangu hajaota mvi."

"Mwambie hizo mvi yeye ndiye aliyeziotesha."

Hatua kati yao zilikuwa nne. Mimi nilisimama katikati nikigeuza shingo, nikirudia kila neno kwa sauti kama karani wa mahakama, kwa sababu nilipojaribu kunyamaza wote wawili walinitazama wakisubiri. Chai ilikuja. Mama aliinywa akiwa amejiinua kwa kiwiko, akarudisha kichwa chini, na kabla Sang-gil hajapata pa kuwekea kikombe chake alikuwa anakoroma.

Mvua ilikatika saa kumi na moja. Nilimgusa Mama bega nikamwambia twende. Alifungua jicho moja akasema nyinyi tangulieni. Nilimwambia hii si nyumba yetu. Akasema anajua, yeye hajawa kichaa, lakini damu ndiyo kwanza imeanza kuzunguka na haiwezi kukatishwa njiani. Bibi Ok aliniagiza nimwambie mgeni kwamba godoro la wageni liko kabatini, rafu ya chini. Mama aliniagiza nimwambie mwenye nyumba kwamba godoro la nini kwenye sakafu kama hii.

Mpaka siku ya tatu alikuwa bado yupo pale. Kijiji kizima kilijua kabla ya chakula cha jioni cha siku ya kwanza. Ukumbini Mzee Cheon aliinuka kutoka kwenye kona yake, kwa mara ya kwanza, akaenda mpaka dirishani kutazama moshi wa jiko la Bibi Ok. Sang-gil aliona aibu, akawa anapitia njia ya nyuma ya mashamba ili asikutane na watu. Mimi nilikuwa natumwa huku na kule kubeba dawa za Mama, soksi za Mama na miwani ya Mama. Na kila nilipofika nilisukumwa kwenye cheo changu cha ukarani. Siku ya pili nilikuta Bibi Ok amemwekea kimchi yake kwenye kibakuli. Mama alikula, akaongeza, hakusema kitu. Kwa mtu anayemjua, hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko kushuka kwa theluji mwezi Juni.

Jumatatu, siku ya jibu, Sang-gil alijikaza akaenda kumuuliza Bibi Ok sakafu yake imetengenezwa na nini. Alisema hajui, amuulize aliyeimwaga. Aliyeimwaga alikuwa Fundi Ma. Tulimkuta anakunywa kahawa ya pakiti kwenye gari lake nje ya nyumba yetu, na Sang-gil alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Saruji na mchanga," Fundi Ma alisema.

"Na nini kingine?"

Fundi alifikiri. "Maji."

Sang-gil hakuamini. Alimtajia kila kitu alichokiona kwenye simu: dawa za kuongeza wepesi, nyuzi za plastiki, unga wa chuma. Fundi Ma alitikisa kichwa kwa kila kimoja. Alisema ni saruji ile ile na mchanga ule ule aliomwagia nyumba ishirini za bonde hili, unene wa vidole vitatu juu ya bomba. Tofauti ni kwamba watu wengine wote wanawasha moto siku ya tano, kwa sababu wana baridi na wana haraka. Maji yaliyomo ndani ya saruji yanafukuzwa kabla hayajamaliza kazi yake, na sakafu inapasuka nyufa ndogo ndogo usizoziona, inaachana na bomba, joto linapotea njiani. Bibi Ok aliambiwa angoje siku ishirini na nane. Akangoja. Alilala kwenye banda la ng'ombe, pamoja na ng'ombe, mwezi mzima. Kisha aliambiwa apandishe moto kidogo kila siku, siku ya kwanza uwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, akafanya hivyo hivyo. Fundi Ma alisema amefanya kazi hii tangu ana nywele, na huyo ndiye mteja pekee aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Nilitaka kufurahi, maana saruji ndiyo ilikuwa kauli yangu tangu mwanzo. Nilimtazama mume wangu akiandika "maji" kwenye daftari, nikaacha.

Kazi ikawa kumweleza Mama. Alikataa katakata. Alisema mgongo wake haujawahi kumdanganya na ule ni udongo. Fundi Ma alikuja mwenyewe, akavua kofia, akaapa kwa mama yake mzazi. Mama alimtazama kwa huruma. Akasema basi kuna udongo uliingia kwa bahati mbaya, na akamwagiza kwamba akimwaga yetu asiwe mwangalifu kupita kiasi.

Alhamisi mashine ilikuja na mpira wake mrefu kama chatu, na kufikia saa nane mchana mabomba yetu yalikuwa yamezikwa chini ya sakafu ya kijivu, laini, inayong'aa. Sang-gil alichuchumaa mlangoni akiitazama. Nilimwona anavyoitazama boila, ile mashine ya kuchemshia maji ya mabomba. Fundi Ma naye alimwona. Akatoa bisibisi mfukoni, akaingia barazani, akakichomoa ukutani kidude cha kuwashia na kupandishia moto wake, akakifunga kwenye kitambaa. Sang-gil alimuuliza anakipeleka wapi. Alisema kwa mtu anayejua kungoja.

Hivyo ndivyo Bibi Ok alivyokuwa mlinzi wa moto wetu. Kile kidude alikitia ndani ya pipa la mchele. Mama alibaki kwake, kwa kuwa ghala la pilipili halikumfaa, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwondoa. Sisi wawili tulibaki na chafya. Siku ya tisa barafu ilishika ndoo ya uani. Siku ya kumi na moja Sang-gil alikwenda kwa Bibi Ok na kapu la matunda ya kaki, yaliyoiva vizuri, akazungumza habari za hali ya hewa, kisha akasema siku hizi wataalamu wengine wanaona siku kumi zinatosha. Bibi Ok alipokea kapu kwa mikono miwili. Akasema kaki ni nzuri kwa koo, ahsante baba, na akamfungulia mlango wa kutokea.

Kati ya wale wazee wawili bado hakukuwa na neno la moja kwa moja. Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa nafika asubuhi na mboga, napokea maneno ya usiku mzima yaliyokuwa yamelimbikizwa, nayasambaza, naondoka. Mara moja walinipigia simu nyumbani ili nimwambie mgeni ahamishe mguu.

Siku ya kumi na tisa nilichelewa kwa sababu ya kabichi. Nilipokaribia lango nilisikia kelele, nikadhani mmoja ameanguka, nikakimbia na viatu mpaka ndani. Walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, mbele ya kidude cha moto cha Bibi Ok, wote wawili wamekishika.

"Umepandisha wewe," alikuwa anasema Bibi Ok. "Nimeamka nimeiva kama kiazi."

"Nimepandisha mimi, ndiyo. Sasa?"

"Sasa gesi unalipa wewe?"

"Ndiyo maana umekonda, Ok Bun-i. Mtu wa kuhesabu nyuzi za joto."

"Na wewe ndiyo maana umevimba. Ondoa kidole."

"Ondoa chako."

Hakuna aliyeniona. Nilisimama pale na kapu la mboga, nikawa sijui nifanye nini na uso wangu. Miaka thelathini na minane. Nilikuwa nimeingia kwenye ukoo huu nikaukuta ukimya ule umekaa kama kabati lisilosogezwa, nikazaa nikiwa pembeni yake, na sasa walikuwa wanasukumana mikono kama wasichana kisimani. Kisha Mama akageuka, akaniona, akaniambia nimwambie mwenye nyumba kwamba... Akasita. Akamgeukia mwenzake. "Ah, si nimeshakwambia," alisema.

Nilirudi nyuma pole pole, nikavua viatu, nikaweka mboga jikoni. Nilipika supu na hakuna aliyenituma kitu.

Siku ya ishirini na nane Bibi Ok alipanda mteremko mwenyewe, akisukuma kile kigari cha mtoto ambacho mabibi wa kwetu husukuma badala ya kushika mkongojo, na ndani ya kigari, kimefunikwa skafu, kilikuwa kidude chetu. Mama alitembea kando yake ameshika ukingo. Fundi Ma alikipachika ukutani. Sang-gil aliruhusiwa kubonyeza, mara moja tu, mpaka kwenye maji ya mtoto mchanga, na Bibi Ok akasimama nyuma yake mpaka alipoondoa kidole. Kila siku tulipandisha kidogo. Wiki ya pili sakafu ilikuwa imekauka, kapeti jipya likatandikwa, na Mama akarudi nyumbani na mizigo mingi kuliko aliyokwenda nayo.

Alizunguka chumba kizima bila viatu akitafuta kosa. Alijilaza chini ya dirisha, akainuka. Akajilaza kando ya kabati, akainuka. Mwisho alijilaza upande wa ndani, karibu na ukuta wa jikoni, pale mabomba yanapoingia na maji yakiwa bado moto kabisa, mahali ambapo tangu kuumbwa kwa nyumba hii pamekuwa pa mkubwa wa nyumba. Sang-gil alimuuliza vipi. Alisema udongo umo, anausikia.

Sang-gil alipotoka kumpigia simu Fundi Ma, Mama alinitazama. Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha kufutia, magoti yangu yanauma kwa ajili ya kabichi mia mbili, na sikuwa nimelala vizuri mwezi na nusu. Alijisogeza mpaka mgongo wake ukagusa kabati. Akapiga piga sakafu kwa kiganja, pale alipokuwa yeye.

"Mama Dong-uk. Njoo ulale hapa."

Nilimwambia hapo ni pake. Akasema anajua ni pake, ndiyo maana anaweza kumpa mtu. Niko kwenye nyumba hii miaka thelathini na minne na sikuwahi kuweka hata goti pale. Nililala. Joto lilipanda kuanzia kiunoni, bila haraka, likafika mabegani, na nikasikia kitu fulani shingoni mwangu kikiachia. Mama aliweka mkono wake juu ya sikio langu, kama unavyomfunika mtoto asisikie kelele.

Tulikaa hivyo kama dakika kumi. Kisha akaniambia basi, inatosha, niamke nikaangalie kabichi chumvini kabla hazijalegea mno.